SAMAKI NI SHAHIDI: Kupima Madhara ya Maji Taka ya Viwanda kwa Viumbe wa Mito Yetu

(Mada iliyotolewa kwa wajumbe wa Kamati za Haki na Amani za parokia, Tunduma)



Nimeombwa niseme nanyi juu ya maji taka ya viwanda, na jinsi yanavyopimwa ili ijulikane kama yanawadhuru viumbe wa mitoni na ziwani. Najua baadhi yenu mmeshangaa. Padre na samaki, wapi na wapi? Mambo ya vipimo si ya maabara na wataalamu wake? Naam, maabara ina kazi yake, wala sikuja hapa kuidharau. Lakini kipimo ni aina ya ushahidi, na palipo na ushahidi pana haki inayotafutwa au inayofichwa. Hapo ndipo Kamati ya Haki na Amani inapohusika.

Neno langu la leo ni moja tu, nalo ni hili: kiumbe aishiye majini ni shahidi wa kwanza wa hali ya maji yetu. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba shahidi huyo anasikilizwa mapema, anasikilizwa kwa njia iliyo sahihi, na maneno yake hayafungiwi kabatini.

1. NDOO YA SAMAKI

Niruhusuni nianze kwa kuungama. Miaka ya nyuma, nilipokuwa padre kijana katika parokia moja ya vijijini, akina mama watatu walinijia asubuhi na mapema. Mmoja wao alikuwa amebeba ndoo. Ndani ya ndoo mlikuwa na samaki wadogo waliokufa, na juu yao kambale wawili. Walikuwa wamewaokota katika kijito kinachopita chini ya mtambo wa kumenyea kahawa. Ulikuwa mwezi wa Agosti, mavuno yamepamba moto, na maji ya kijito yalikuwa machache, yenye povu na harufu ya kitu kilichochacha.

Nikawajibu kwa busara niliyodhani ni ya kipadre: "Mama zangu, jambo hili ni zito. Hatuwezi kumlaumu mtu bila ushahidi." Yule aliyekuwa mkubwa wao akanitazama, akasema: "Baba, ushahidi si huu hapa ndooni?"

Niliwaaga kwa maneno mazuri. Sikuwaambia kwamba mwenye mtambo ule alikuwa ametusaidia mabati ya kigango chetu mwaka uleule. Hata leo siwezi kusema kwa hakika ni nini kilichowaua samaki wale, maana hakuna aliyepima. Na hakuna aliyepima kwa sababu mimi, niliyeweza kuandika barua moja tu kwa wahusika, sikuiandika. Mada hii ni barua ile, imechelewa miaka mingi.

2. MITO YETU NA ZIWA LISILO NA MLANGO

Tuanze kwa kuitazama nchi yetu. Mkoa wa Songwe, uliotengwa na Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, una mito mingi ambayo maji yake hayafiki baharini. Mto Momba, na ule Mto Songwe wa kaskazini, huteremka hadi Ziwa Rukwa. (Uko Mto Songwe mwingine, upande wa Ileje, ambao ni mpaka wetu na Malawi, nao huenda Ziwa Nyasa.) Ziwa Rukwa halina mto unaotoka ndani yake. Maji huingia, kisha hupaa kwa jua. Lakini madini mazito hayapai pamoja na mvuke. Kinacholetwa na mito hukaa humo, katika tope na katika miili ya viumbe. Ziwa la namna hiyo ni kama chungu kisichomwagwa: kila kinachotiwa ndani hubaki ndani.

Sasa, ni nini tunachokitia? Nitataja mambo mawili yaliyo ya kwetu kabisa, na la tatu linalotupita njiani.

La kwanza ni kahawa. Mbozi inaishi kwa kahawa. Ada za shule, mahari na sadaka zetu zimetoka humo. Kahawa mbivu humenywa, huvundikwa, kisha huoshwa ili kuondoa utelezi wenye sukari. Maji yanayobaki hayana sumu kwa maana tuliyoizoea. Yana sukari, maganda na tindikali. Lakini bakteria wanaoyaozesha hutumia oksijeni ya mto, na samaki hukosa pumzi. Hebu tufanye hesabu ndogo. Mto safi wa milimani huwa na takribani miligramu 8 za oksijeni katika kila lita moja ya maji. Maji machafu ya kahawa yanaweza kuhitaji maelfu ya miligramu kwa lita. Tuseme yanahitaji 8,000. Basi lita 1 ya maji hayo ingemaliza oksijeni yote iliyomo katika lita 1,000 za mto. Kanuni za Viwango vya Ubora wa Maji za mwaka 2007 zinaruhusu maji taka yanayomwagwa mtoni yahitaji miligramu 30 kwa lita, basi. Tena tukumbuke kwamba mavuno ya kahawa huja wakati wa kiangazi, mto unapokuwa mwembamba kuliko wakati wowote. Uchafu huongezeka pale maji ya kuupunguza yanapopungua.

La pili ni dhahabu. Katika Wilaya ya Songwe, upande wa Mkwajuni na Saza, na katika nchi jirani ya Chunya, dhahabu imechimbwa tangu wakati wa ukoloni. Wachimbaji wadogo husaga mawe, huosha unga wake mialoni, na huikamata dhahabu kwa zebaki. Marudio yanayobaki huuzwa kwa wenye mitambo ya kuchenjua kwa sayanaidi. Zebaki na sayanaidi ni sumu zenye tabia tofauti kabisa, na nitaeleza baadaye kwa nini tofauti hiyo ni muhimu kwa mpimaji.

La tatu ni barabara yetu. Kila mmoja hapa Tunduma ameyaona malori yaliyopangana kungoja kuvuka Nakonde: yanayokwenda na salfa, na yanayorudi na shaba ya Zambia na ya Kongo. Salfa hiyo hugeuzwa tindikali ya kuyeyushia mawe ya shaba. Kwa hiyo yanayotokea kwenye mito ya majirani zetu si habari za mbali.

3. KWA NINI ORODHA YA KEMIKALI HAITOSHI

Mtu atauliza: si tuchukue maji kwenye chupa, tuyapeleke maabara, tupewe orodha ya vilivyomo? Orodha hiyo ni ya lazima. Lakini peke yake haitoshi, kwa sababu nne.

Kwanza, maabara hupima kile ilichoombwa kupima. Ukiomba zebaki utajibiwa juu ya zebaki. Dawa ya kuua wadudu iliyomo katika chupa ileile itanyamaza.

Pili, kipimo cha mwanadamu si kipimo cha samaki. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha shaba katika maji ya kunywa kuwa miligramu 2 kwa lita. Lakini samaki wachanga wa aina nyingi hufa kwa kiasi kilicho chini ya hapo mara nyingi, kwa maana shaba hushambulia mashavu wanayopumulia. Maji yaliyopewa cheti kwa ajili ya bomba yanaweza kuwa kaburi kwa ziwa.

Tatu, sumu hushirikiana. Vitu vitatu vinaweza kuwa kila kimoja chini ya kiwango kilichowekwa, lakini vikikutana katika mwili mmoja vikaua.

Nne, mto unapita. Sayanaidi huua samaki kwa kiasi kidogo sana, hata chini ya sehemu moja ya kumi ya miligramu kwa lita. Lakini juani huvunjika na kutoweka. Aliyemwaga usiku anaweza kumkaribisha mkaguzi siku kadhaa baadaye kwa uso mkunjufu, na chupa isionyeshe kitu. Kiumbe aliyekuwa mtoni usiku ule, huyo hawezi kudanganywa. Ama amekufa, ama amehama, na nafasi yake iliyo wazi inasema.

4. JINSI SHAHIDI ANAVYOHOJIWA

Wataalamu humhoji shahidi huyu kwa njia tatu. Nitazieleza kwa lugha nyepesi.

Njia ya kwanza ni ya maabara. Huchukuliwa samaki wadogo wa aina moja, wenye umri mmoja na afya njema. Maji taka huchanganywa na maji safi kwa vipimo mbalimbali: chombo kimoja maji taka matupu, kingine nusu kwa nusu, kingine robo, na kuendelea kushuka. Chombo kimoja huwa na maji safi peke yake. Hicho ndicho cha kulinganishia. Samaki huwekwa humo kwa saa 96, na kila baada ya saa 24 huhesabiwa walio hai na waliokufa. Kinachotafutwa ni kile kiasi cha maji taka kinachoua nusu ya samaki. Kiasi hicho kikiwa kidogo, sumu ni kali. Na kama samaki wa chombo cha maji safi nao wamekufa zaidi ya mmoja katika kumi, jaribio zima hutupwa, kwa sababu kuna kosa kwa mpimaji mwenyewe. Pia hutumika vijidudu vya majini vya jamii ya kamba, viitwavyo dafnia, ambavyo huangaliwa kwa saa 48 kama bado vinaogelea. Hivi ni vidogo sana, huliwa na samaki. Vikifa hivi, mlo wa samaki umekwisha hata kama samaki mwenyewe hajaguswa.

Ni kweli kwamba katika jaribio hili kiumbe wa Mungu anateseka. Hilo lisipite bila kusemwa, na ndiyo maana wanasayansi wenyewe wanatafuta njia za kupunguza idadi ya samaki wanaotumiwa. Lakini ni afadhali samaki wachache katika chombo kuliko mto mzima.

Njia ya pili ni ya polepole, nayo inahitajika kwa sumu kama zebaki. Samaki anaweza kukaa saa 96 katika maji yenye zebaki kidogo, akatoka anaogelea vizuri, na mwenye kiwanda akasema: "Mmeona?" Hapo tusishangilie. Ndani ya tope bakteria hugeuza zebaki kuwa ya namna inayoingia mwilini na kukaa. Kijidudu hula tope, samaki mdogo hula vijidudu vingi, samaki mkubwa hula wadogo wengi, na mwanadamu humla mkubwa. Kila hatua mzigo unaongezeka. Anayeumia kuliko wote ni mtoto aliye tumboni mwa mama yake, kwa kuwa zebaki ya namna hiyo hushambulia ubongo unaojengeka. Kwa sumu hiyo hatupimi kufa kwa samaki. Tunapima nyama yake, na tunaangalia kama anazaa na kama wanawe wanakua.

Njia ya tatu hufanyika mtoni penyewe. Chini ya mawe ya kila mto wanaishi wadudu na wanyama wadogo wasio na uti wa mgongo. Wengine hawavumilii uchafu hata kidogo: wakiwa wachanga hung'ang'ania mawe ya maji yaendayo kasi, na wengine hujijengea vijumba vya mchanga. Wengine, kama minyoo na mabuu mekundu ya tope, huvumilia karibu kila kitu. Afrika Kusini ilitunga namna ya kuwapa viumbe hao alama, kuanzia 1 kwa wavumilivu hadi 15 kwa walio wepesi kudhurika. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wakaitengeneza upya kwa mito ya nchi yetu, wakaiita TARISS, nayo ilichapishwa mwaka 2015. Ipo pia namna iliyorahisishwa, miniSASS, ambayo hata wanafunzi wa shule ya msingi wanaweza kuitumia kwa wavu mdogo na sinia jeupe.

Hapa namkumbuka bibi yangu. Tulipokuwa watoto alitukataza kuchota maji mahali ambapo kaa hawaonekani. Nilipojifunza njia hii nilifurahi kuona kwamba bibi alikuwa na hekima, kisha nikaogopa. Maana katika orodha ile kaa wa mtoni amepewa alama 3 tu. Yeye ni mmoja wa wavumilivu! Kaa anapotoweka, wengi walio dhaifu kuliko yeye wamekwisha kutoweka zamani, bila mtu kuwalilia. Tunapongoja kuona samaki wanaelea ndipo tupige kelele, tunafika msibani wakati wa arobaini.

5. USHAHIDI UNAPOWEKWA KABATINI

Ndugu zangu, kupima ni nusu ya haki. Nusu ya pili ni kujua nani anashika matokeo.

Katika mji wa Minamata, Japani, kiwanda cha kampuni ya Chisso kilimwaga maji taka yenye zebaki katika ghuba kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Mwaka 1956 ugonjwa wa ajabu wa mishipa ya fahamu ulitangazwa rasmi miongoni mwa familia za wavuvi. Kabla ya hapo paka wa vijijini walikuwa wamekwisha kuonekana wakirukaruka kama wenye wazimu. Daktari wa hospitali ya kiwanda, Hajime Hosokawa, aliamua kupima. Alimlisha paka chakula kilichochanganywa na maji taka ya kiwanda hichohicho. Paka huyo, aliyeandikwa kwa namba 400, aliugua ugonjwa uleule mwezi Oktoba 1959. Ushahidi ulikuwa umepatikana. Wakuu wa kampuni wakazuia majaribio yasiendelee, na matokeo yakafichwa. Desemba ya mwaka huohuo wagonjwa wakatiwa saini mkataba wa fedha kidogo za kufutia machozi, wenye sharti kwamba hawatadai zaidi hata ikija kuthibitika kwamba kiwanda ndicho chenye makosa. Maji taka yakaendelea kumwagwa kwa karibu miaka tisa. Hosokawa alikuja kutoa ushahidi wake mahakamani mwaka 1970 akiwa kitandani hospitalini, na mwaka huohuo akafariki. Mkataba wa kimataifa wa kupunguza zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na ambao Tanzania imeuridhia, unaitwa kwa jina la mji ule.

Tusidhani kwamba hayo ni ya Wajapani peke yao. Mwezi Februari 2025, jirani zetu wa Zambia walipatwa. Tarehe 18 ukingo wa bwawa la mabaki ya mgodi wa kampuni ya Sino-Metals Leach Zambia, huko Chambishi karibu na Kitwe, ulibomoka. Maji yenye tindikali na madini mazito, yaliyokadiriwa mwanzoni kuwa lita milioni 50, yakaingia kijito cha Mwambashi na kisha Mto Kafue. Samaki walikufa, mabaki yao yakaonekana umbali wa kilometa zipatazo 100, na mji wa Kitwe ukafungiwa maji. Serikali ilimwaga chokaa mtoni, hata kwa ndege, ili kupunguza ukali wa tindikali. Baadaye kampuni ya wapimaji iliyoajiriwa na mwenye mgodi ilitoa makadirio makubwa mno kupita yale ya kwanza: tani milioni 1.5 za mabaki yenye sumu. Mwenye mgodi alivunja mkataba nao, akisema kwamba wao ndio waliokiuka masharti. Sisi si mahakama ya kuamua kati yao. Lakini tunajifunza jambo moja: mpimaji anayelipwa na anayepimwa yumo katika nafasi ngumu, hata akiwa mwaminifu.

Na hapa nyumbani, Machi 2022, maji ya Mto Mara yalibadilika rangi na samaki wakaelea. Kamati iliyoundwa na Serikali chini ya Profesa Samwel Manyele ilieleza kwamba oksijeni ilikuwa imekwisha majini kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika. Mawazo yao yalikuwa kwenye migodi. Nanyi mmesikia hesabu ya kahawa, mnajua kwamba uchafu wa kawaida kabisa unaweza kuua samaki kwa kuwanyima pumzi. Kwa hiyo jibu la namna ile si la kuchekwa. Hata hivyo, imani ya watu haijengwi na jina la mtaalamu peke yake. Hujengwa pale wavuvi wanapokuwapo chupa inapojazwa, wanapojua imepelekwa wapi, na wanaposomewa matokeo katika mkutano wa kijiji kwa lugha wanayoielewa. Bila hayo hata ukweli huonekana kama uongo.

6. TUAMUE KATIKA MWANGA WA IMANI

Nabii Ezekieli, katika sura ya 34, anawakemea kondoo wanono. Kosa lao si kunywa maji. Wamekunywa maji safi, kisha wakayavuruga kwa miguu yao, na kondoo dhaifu wakabaki kunywa matope. Sijapata kuona maelezo mafupi zaidi ya mtambo ulio juu na kijiji kilicho chini. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji salama ni haki ya msingi ya mwanadamu, kwa kuwa bila maji uhai wenyewe hauwezekani.

Lakini tuwe wakweli. Kondoo mnono si mgeni siku zote. Mitambo mingi ya kahawa ni ya vyama vyetu vya ushirika. Wanahisa wake tunakaa nao benchi moja Jumapili. Mchimbaji anayeshika zebaki kwa mikono mitupu ni kijana wetu, na yeye ndiye wa kwanza kudhurika. Kwa hiyo hatuendi mtoni kumtafuta adui wa kumpiga mawe. Tunakwenda kutafuta ukweli, tukiwa tayari kwamba ukweli huo unaweza kugonga mlango wa parokia, kama ulivyogonga wangu.

7. TUTENDE

Napendekeza mambo matano.

(i) Tuujue mto kabla haujaugua. Kila jumuiya iliyo karibu na mto ichague mahali pawili, juu ya mtambo na chini yake. Mara mbili kwa mwaka, kabla ya mavuno na katikati ya mavuno, vijana wetu na walimu wao wapindue mawe, wahesabu aina za viumbe, waandike tarehe na saa katika daftari. Kama juu pana aina nyingi na chini pamebaki minyoo, mto umesema. Kwenye mialo ya dhahabu tusiingie majini bila kinga wala kuwapeleka watoto.

(ii) Samaki wakifa, tusikimbilie kwanza kupiga kelele. Tujaze chupa safi, juu na chini ya mahali panaposhukiwa, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mashahidi; tuandike saa na mahali; tuihifadhi kwenye ubaridi na kuifikisha upesi. Samaki waliokufa wasiliwe wala kuuzwa. Taarifa ipelekwe kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

(iii) Tunapoomba kipimo, tuombe mambo mawili kwa maandishi: orodha ya kemikali, na jaribio la viumbe hai. Kwa upande wa dhahabu, tuombe pia nyama ya samaki ipimwe zebaki.

(iv) Tuijue sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu aishiye Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Na kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuitetea. Anayemwaga maji taka katika mto anatakiwa awe na kibali. Kuuliza kama kibali kipo si uchochezi.

(v) Tuanze na kilicho chetu. Vyama vya kahawa vinaweza kutumia mitambo inayotumia maji kidogo, kuyazungusha maji yaleyale, kuyatuliza katika mabwawa mbali na mto, kupunguza tindikali kwa chokaa, na kuyafanya maganda kuwa mbolea ya migomba. Gharama ipo, na ni halali kuijadili katika mkutano wa chama. Lisilo halali ni kuwaachia gharama hiyo wanaochota maji chini.

Ndugu zangu, wale akina mama watatu sikuwaona tena wakija na ndoo. Labda samaki hawakufa tena. Labda walikufa, lakini wao walikwisha kujua kwamba kwa padre hakuna anayepokea ushahidi wa namna hiyo. Jambo hilo hunisumbua kuliko harufu ya kijito kile. Akija mtu kwenu na ndoo, naomba msimwulize ushahidi uko wapi. Muulizeni ameokota wapi, saa ngapi, kisha mchukue chupa mwende naye.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA NDOGONDOGO

1. Ni viumbe gani waliokuwa katika mto wetu wakati wa utoto wa wazee wetu, ambao leo hawaonekani? Walianza kupungua lini?

2. Juu ya mahali tunapochota maji pana shughuli gani? Je, sisi wenyewe tuna hisa, ajira au msaada unaotoka huko? Hilo linatufanya tuseme au tunyamaze?

3. Samaki wakifa kesho, nani katika jumuiya yetu atajaza chupa, nani atashuhudia, na nani atapeleka taarifa?